Nakala ya Jumanne

Wiki nzima Bisibisi amekaa vile vile tulivyomwacha. Mkono uko kwenye kipanya, kidole kiko tayari, na kompyuta inamuuliza kama ana uhakika anataka kufuta. Yeye anao. Lakini mama yake, aliyelala kitandani hatua mbili kutoka pale, amefumba macho, akafumbua, akafumba tena.

Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

"Dada, mama amekataa," akasema Chapchap.

"Nimeona."

"Sasa toa mkono."

Bisibisi akautoa mkono kwenye kipanya, akaupangusa kwenye sketi. Ulikuwa umelowa jasho. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo mchana, na saa hiyo, tofauti na watu wa nyumba ile, haikuwahi kudanganya.

Kwa mgeni aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, karibu, na pole. Bisibisi ni fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, asiyependa salamu ndefu. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Mama yake yuko chumba cha nyuma, na kati yao kuna pazia tu. Chapchap ni mdogo wake, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, na kwa jina hilo hakuonewa. Anaweza kujibu swali ambalo hujamaliza kuliuliza, tena akalijibu vibaya.

Mama yao alikuwa mtangazaji wa stesheni. Miaka ishirini na sita aliwaambia watu treni yao iko wapi na itaondoka lini, na kuna waliokuwa wanafika mapema wamsikilize tu. Kisha ugonjwa wa misuli ukaanza kidoleni mguuni, ukapanda bila haraka. Ulipokaribia kooni, Bisibisi akamkalisha mama mbele ya maikrofoni wiki tano mfululizo, akamrekodi sentensi elfu moja na mia mbili. Programu ikazishona zikawa sauti. Tangu siku hiyo kamera ndogo hufuata jicho la mama linapotembea juu ya herufi kwenye skrini, na kompyuta humsemea kwa sauti yake mwenyewe.

Leo asubuhi sauti hiyo ilinyamaza, na kamera ikazimika. Na saa tisa kamili atapiga simu mtoto wa kwanza wa nyumba hii, kaka yao, kutoka gerezani.

Kaka hajui kwamba mama ni mgonjwa. Mama mwenyewe ndiye aliyekataza asiambiwe, kwamba mtu aliyefungwa asifungwe mara mbili. Kwa miaka mitatu, dakika kumi kila mwezi, kaka amekuwa akiongea na kompyuta na kuiita mama. Majibu yakichelewa, mama husingizia laini mbovu.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi uliopita akaingia mfungwa mpya kutoka mtaa wao, akampa kaka pole ya msiba. Mama yako hayupo, akamwambia, huyo unayeongea naye ni dada yako anaiga. Watu wote wanajua sauti ya Bisibisi na ya mama ni kama zilikatwa kitambaa kimoja. Kaka akaacha kula. Jana afisa ustawi wa gereza alipiga simu kusema hiyo ni siku ya nane, na kwamba mtu huyo anakataa hata uji. Barua yake ilikuwa imetangulia, nayo ilikuwa na mistari miwili. "Alhamisi nitapiga. Nikimsikia mama mwenyewe nitakula, nisipomsikia msihangaike tena na mimi."

Leo ni Alhamisi.

Turudi chumbani. Bisibisi alichukua kadi ya herufi, ile ya zamani waliyoitumia kabla ya kamera kuja, akaanza kuzisoma moja moja huku akimtazama mama. Mama akafumba kwenye N. Akafumba kwenye A. Akafumba kwenye K.

Hakuhitaji ya nne. Dukani kwake, juu ya meza ya kazi, kuna karatasi iliyobandikwa miaka kumi na miwili, imekuwa ya njano, imeandikwa kwa kalamu nene: NAKILI KWANZA, GUSA BAADAYE. Ameihubiri kwa wateja, kwa wanafunzi wake, kwa Chapchap mpaka akaota nayo. Leo alikuwa ameingia mikono mitupu. Mganga hajigangi, na wakati mwingine hata hajikumbuki.

Chapchap akacheka kidogo. Dada yake akamtazama, na kicheko kikafia hapo.

Hapa nieleze kidogo, maana barua zenu zinauliza. Ndani ya kila kompyuta ya aina hii kuna daftari ambalo mafundi huliita rejista. Kila jambo ambalo kompyuta inalijua juu ya nafsi yake limeandikwa humo: lugha yake, rangi yake, programu gani inakaa wapi, sauti gani itumike. Kuingia si kazi. Unabonyeza kitufe chenye dirisha pamoja na R, kinatokea kisanduku, unaandika regedit, kompyuta inauliza kama unairuhusu kubadilisha mambo, unasema ndiyo. Sekunde tano umeshaingia. Kushoto kuna folda zilizoingia ndani ya folda, ziitwazo funguo, na kulia kuna thamani, yaani maneno na namba zenyewe. Kitufe cha kuhifadhi hakuna. Cha kutengua hakuna. Ulichoandika kimeandikwa palepale, na ukifuta kitu kimoja usichokijua, kompyuta nzima inaweza isiamke kesho.

Ndiyo maana ya nakala. Bisibisi akachagua ufunguo wa programu ya mama, akautoa nje kama faili, akauweka mahali salama. Sekunde ishirini. Akamtazama mama, na mama akafumba mara moja.

Kisha akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kusoma. Thamani aliyotaka kuifuta ilikuwa na maneno ambayo hakuyaweka yeye kwenye kompyuta ya mama. Aliisoma mara mbili. Ilisema: mapokezi, chumba cha pili.

Aliijua mashine yenye maneno hayo. Ilikuwa ya daktari wa meno wa barabara ya pili, pale ambapo kompyuta ya mapokezi huwaita wagonjwa kwa sauti ya mwanamume: namba saba, chumba cha pili. Programu ni ileile ya mama. Yeye ndiye aliyeiweka.

"Chapchap," akasema taratibu. "Asubuhi nilikuambia nini kwenye simu?"

Chapchap akarudia yote, hakuacha neno. Kwamba sauti ya mama ilikuwa inakwamakwama. Kwamba dada alikuwa kwa mteja, mbali, akamwambia achukue nakala ya Jumanne, aibonyeze mara mbili, aseme ndiyo, azime kompyuta na kuiwasha. Akafanya hivyo. Alikuwa na haki ya kujivuna, kwa mara moja maishani alikuwa amefuata maelekezo.

"Nakala ya Jumanne uliitoa wapi?"

"Kwenye flashi."

"Yenye uzi mwekundu?"

Chapchap akanyamaza. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kunyamaza.

Lazima mjue jinsi fundi huyu anavyofanya kazi. Kila mteja ana flashi yake, na kila flashi ina uzi shingoni. Mwekundu wa mama, kijani wa daktari wa meno, bluu wa shule ya ushonaji, na kadhalika mpaka zilipofika kumi na tisa. Ndani ya flashi, faili zina majina ya siku tu, nakala ya Jumatatu, nakala ya Jumanne. Jina la mteja halipo popote. La nini, wakati uzi ndio jina? Miaka kumi na miwili utaratibu huo haukumwangusha hata mara moja, na hakuwahi kumweleza mtu mwingine kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

"Nilitaka kukushangaza," Chapchap akasema. "Kila siku unapekua lile boksi. Nikanunua flashi moja kubwa, nikahamishia zote humo. Nyuzi nikazikata, zilikuwa zimechakaa, dada."

"Na faili zenye jina moja?"

"Kompyuta iliuliza kama ibadilishe. Nikasema ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Kulikuwa na mahali pa kuweka tiki, ifanye hivyo kwa zote."

Akaweka tiki. Kumi na tisa zilimezana, kila Jumanne ikaifuta Jumanne iliyotangulia, na aliyebaki wa mwisho alikuwa daktari wa meno. Zile flashi za zamani alizisafisha zote. Moja alimpa mteja jana, akaona anafanya ukarimu.

Bisibisi alitaka kumpiga. Tusifiche. Mkono uliinuka wenyewe mpaka usawa wa kifua, na Chapchap hakukwepa, alisimama tu amekaza shingo kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mkono ukashuka. Nyuzi za flashi alizikata Chapchap, lakini majina hayakuandikwa na nani? Alijua jibu, na jibu hilo lilimuuma kuliko hasira.

Saa saba kasoro robo. Alitaka kulia, akaona hana muda huo.

Ndipo akakumbuka daftari. Si lile la ndani ya kompyuta, daftari la karatasi, la mistari, lenye jalada lililotoka. Bisibisi haamini kitu asichokiandika kwa mkono. Kila alipobadilisha kitu kwenye mashine ya mama, aliandika: ufunguo gani, thamani gani, ilikuwa nini, imekuwa nini. Akapita pazia kwa kishindo. Dukani alimkuta mzee mmoja ameegemea kaunta, anataka wino wa printa, akamwambia duka limefungwa, na mzee akasema mbona mlango uko wazi, naye akaufunga mzee angali ndani. Chapchap ndiye aliyekwenda kumtoa na kumwomba radhi.

Daftari lilikuwa chini ya kasha la nyaya. Ukurasa ulikuwepo, wote, safi, na juu kabisa pana mstari alioandika siku ya kwanza ya kurekodi: "Sentensi ya 1. Ya mama mwenyewe. Mlango ulifungwa. Isisikilizwe."

Aliikumbuka siku hiyo. Mama alikuwa bado anazungumza, ingawa kwa kukokota. Aliwatoa wote wawili nje, akafunga mlango, akasema kitu kimoja kwenye maikrofoni. Waliporudi akawaambia ni la kaka yenu. Ni jina nililokuwa nikimwita alipokuwa mchanga mapajani, kabla nyinyi hamjazaliwa, na halijui mtu mwingine zaidi yetu wawili. Bisibisi alikuwa ameona wivu kidogo, akaandika kwenye daftari, akaendelea na sentensi ya pili.

Wakaanza. Chapchap anasoma, Bisibisi anaandika, kisha Bisibisi anasoma alichoandika na Chapchap anahakiki herufi kwa herufi. Kila thamani ya daktari wa meno ikatoka, ya mama ikarudi mahali pake. Nukta moja ikipotea njia haipatikani, koma moja na sauti haiji. Chapchap alisoma polepole sana, polepole mpaka Bisibisi mwenyewe akamwambia aongeze mwendo, na mama akatoa ile pumzi ya puani ambayo siku hizi ndiyo kicheko chake.

Kwa saa nzima na nusu chumba kile kilikuwa na matumaini. Nawaambia hivyo kwa sababu hayatarudi.

Saa nane na dakika ishirini walimaliza. Bisibisi akafunga rejista, akazima kompyuta, akaiwasha. Wote watatu wakatazama ile nembo ikizunguka. Programu ikafunguka. Taa ndogo ya kamera ikawaka. Herufi zikajipanga kwenye skrini, na jicho la mama likaanza kutembea juu yake, haraka, kama mtu aliyenyimwa maji akaona kisima.

Kompyuta ikasema, "Mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nzito, safi, imenyooka, sauti ya namba saba chumba cha pili.

Jicho la mama likasimama. Chapchap akageukia ukuta.

Bisibisi akashika tena kipanya. Alirudi kwenye rejista, akafuata njia mpaka kwenye folda ya sauti, akaangalia kama njia imeandikwa sawa. Ilikuwa sawa. Akaifungua folda yenyewe kwenye diski. Ilikuwa tupu. Sentensi elfu moja na mia mbili, wiki tano, hakuna hata moja.

Sababu aliipata baada ya dakika kumi, ndani ya ile nakala aliyoitoa mchana kabla ya kugusa. Miongoni mwa thamani za daktari wa meno palikuwa na moja fupi: futa sauti zisizotumika. Mbele yake iko namba moja, yaani ndiyo. Mashine ya daktari ina diski ndogo, ikijaa inakwama, kwa hiyo fundi makini aliweka moja pale ili programu ijisafishe yenyewe kila inapowashwa. Asubuhi Chapchap alipozima na kuwasha, programu iliona sauti inayotumika ni ya mapokezi. Ikaona ile nyingine haitumiki. Ikafagia. Na isipoikuta sauti iliyoagizwa, husema kwa ile ya mwanamume iliyokuja nayo.

Ile namba moja aliiandika Bisibisi kwa mkono wake. Alijisifu siku ile, na daktari akamsifu pia.

Najua swali lenu. Sauti nzima haikuwa na nakala? Ilikuwa nayo. Waliotufuata tangu mwanzo wanakumbuka wale wezi wa dukani katika sehemu ya tatu, walioondoka na diski kubwa nyeusi. Ndiyo ile. Tangu siku hiyo Bisibisi alijiambia kila Jumamosi kwamba Jumamosi ijayo atatengeneza nyingine, na Jumamosi zina tabia ya kwisha.

Alijaribu programu ya kufufua faili. Ikamletea majina, yote, kwa mpangilio, na ndani ya kila jina utupu. Diski za siku hizi zikifuta zimefuta. Chapchap akapiga simu stesheni, akauliza kama wana zile kanda za matangazo ya zamani, hata moja. Mtu wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Alisema mwaka jana walileta sauti mpya na za zamani zikatupwa, akauliza mama hajambo?

"Hajambo," Chapchap akasema, akakata.

Saa tisa kasoro dakika tisa.

"Basi tumwambie ukweli," Chapchap akasema. Mtu wa haraka aliyasema hayo bila haraka yoyote. "Kaka ataelewa. Mama yuko hai, si mfu. Kwani kuugua ni aibu?"

"Hatasadiki. Yeye tayari anaamini mimi ndiye ninayeiga. Nikimwambia mama yupo ila hawezi kusema, si ndivyo mwongo angesema?"

"Sasa utafanya nini?"

Bisibisi akaitazama simu. Chapchap akaliona jibu usoni kwake, akaanza kutikisa kichwa.

Ile sauti ya mwanamume ikazungumza. Jicho la mama lilikuwa limerudi kazini, herufi kwa herufi.

"Hapana," ikasema. "Usiige."

"Mama, siku ya tisa leo. Mtu anakufa kwa maneno ya mtaani. Nikimpa neno moja tu la kumtuliza, ale, halafu mwezi ujao tutamwambia taratibu."

Jicho likatembea. Chumba kikangoja. Nje mtu alikuwa anaburuta meza ya chuma, ikawa inakwaruza sakafu na kusimama, inakwaruza na kusimama.

"Mwambie ukweli," ikasema sauti ya mapokezi. "Mimi ndiye niliyekataza. Kosa ni langu."

"Mama."

"Mwambie ukweli."

Jicho liliendelea. Mama alikuwa na jambo zaidi, na herufi zilikuwa zinajipanga kwenye skrini moja baada ya nyingine, ndipo simu ikaita. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika tatu. Saa ya gereza ilikuwa mbele, au mtu ameshindwa kungoja.

Na sasa, msomaji, huyu mwanamke aliyebandika karatasi ukutani miaka kumi na miwili, huyu asiyegusa kitu bila kufikiri mara tatu, akafanya haraka kuliko Chapchap alivyowahi kufanya jambo lolote. Aliinama, akashika waya wa spika, akauchomoa. Sauti ya mwanamume isije ikasikika simuni. Ndivyo alivyowaza, kama aliwaza. Waya ulibaki mkononi mwake, na mama yake akabaki bubu kwa mara ya pili siku hiyo.

Mama akafumba macho mara mbili. Akafumba tena mara mbili. Na tena.

"Dada," Chapchap akasema.

Bisibisi akapokea. Kwanza ilikuja sauti ya askari: simu ya mfungwa, dakika kumi. Kisha mkwaruzo wa kiti. Kisha pumzi ya mtu, nyembamba, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Mama?"

Bisibisi aliteremsha kidevu kifuani, kama mama alivyokuwa akifanya kabla ya kutangaza.

"Naam, mwanangu," akasema. "Nipo."

Ilitoka vizuri. Ilitoka vizuri mpaka Chapchap aliyekuwa anamtazama akageuka kuangalia kitandani, kuona kama midomo ya mama imecheza. Upande wa pili palikuwa na sauti ya mtu mzima anayejitahidi asilie mbele ya askari.

"Leo unajibu upesi, mama," kaka akasema.

"Laini nzuri leo."

Kaka akacheka, kicheko kisicho na nguvu. Akasema amekonda, asishtuke akisikia sauti imebadilika. Akasema watu humo ndani wamemjaza maneno, na mtu akikaa na ukuta muda mrefu huanza kuusadiki. Bisibisi alikuwa anaitikia, ndiyo baba, pole baba, kama mama anavyomwitikia, na kila neno lililotoka lilikuwa jepesi kuliko lililotangulia. Alianza kuamini itawezekana. Dakika kumi si nyingi. Zilikuwa zimebaki saba.

"Mama, usinichukie kwa hili," kaka akasema. "Askari ameniletea sahani, iko hapa mezani, nimemwambia angoje. Niite lile jina. Mara moja tu, nile."

Bisibisi akageuka kwenye skrini. Maneno ya mama yalikuwa bado yapo, yale ambayo hayakupata spika ya kuyasema. Alikuwa hajayasoma. Aliyasoma sasa.

Mwambie ukweli. Akitaka ushahidi nitampa jina le

Hapo yalikoma. Alama ya kuandikia ilikuwa inawaka na kuzima mbele ya ile e, inangoja herufi inayofuata. Angelimwambia ukweli, mama angelitoa jina, lingefika hata kwa sauti ya mwanamume wa mapokezi, na kaka angelijua papo hapo kwamba linatoka kwa mtu mmoja tu duniani. Dakika tatu zilizopita hilo lilikuwa linawezekana. Sasa kaka ameshamsikia mama akisema nipo.

"Mama," Bisibisi akanong'ona, amefunika simu kwa kiganja. "Mama, niandikie. Liandike tu. Tafadhali, mama."

Alama iliwaka na kuzima. Hakuna herufi iliyokuja. Chapchap alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika mkono wa mama usiojua tena kushika, anamtazama usoni, na uso wake yeye ulikuwa umebadilika. Bisibisi akafuata macho ya mdogo wake.

Mama alikuwa amefumba. Bisibisi akangoja afumbue, ahesabu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kufumba bila kufumbua, kwa miaka mitatu yote, hawakuwahi kukubaliana maana yake.

"Mama?" kaka akasema simuni. "Bado upo?"